Zamu Yangu ya Kuomba

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo kichwa changu kimekataa kuitupa, ingawa kimeshatupa mahali nilipoweka miwani pamoja na majina ya nusu ya wapwa zangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa hatujamaliza mwaka tangu tushuke Louisville, tunakaa mtaa wa Shively katika nyumba ya mbao yenye zulia la rangi ya uji: baba yangu, kaka yangu Samweli, dada yangu mdogo Furaha, na mimi. Mama tulimwacha katika kambi ya wakimbizi, kaburini, miezi michache kabla majina yetu ya kuhamishiwa ng'ambo hayajatoka.

Baba alikuwa mzee wa kanisa tangu kwetu milimani, Kivu ya Kusini. Kila tulikohamishiwa alibeba kitu kimoja ambacho hakikuhitaji begi, nacho ni sala ya asubuhi. Ilikuwa na utaratibu wake, na ole wako uuguse. Tunakaa duara, chai iko mezani imefunikwa. Anaanza aliye mdogo kuliko wote. Kila mtu anaomba kwa sauti, kwa maneno yake mwenyewe, na zamu inapanda mpaka kwa baba. Baba ndiye anayezikusanya sala zote na kusema Amina. Kabla ya Amina hiyo hakuna kunywa chai, hakuna kuvaa viatu, hakuna kutoka nje. Na maneno ya kukariri hayakubaliki. Kwa watu wa kanisa letu, kumwomba Mungu kwa maneno ya kukariri ni kama kumwandalia mgeni ugali wa jana. Sala inatakiwa itoke motoni.

Asubuhi hiyo Furaha aliombea mtihani wake wa hesabu, akamaliza. Zamu ikaja kwangu. Nikafungua mdomo, nikakuta hamna kitu.

Usidhani nilikuwa nimeasi. Muasi ni mtu mwenye nguvu, na mimi tangu utotoni ni mtu wa godoro. Nilichotaka ni kusema mambo yetu ya kila siku, asante Bwana kwa kutuamsha, basi, nikae. Lakini neno hilo la kuamshwa liliponifika kooni nikamkumbuka mama. Tulimwombea katika duara hilohilo, kwa maneno ya motoni kabisa, wiki baada ya wiki, na hakuamshwa. Nikaliacha. Nikajaribu sentensi nyingine, nikaona ni ya mchungaji. Nikashika nyingine, hiyo ilikuwa ya Samweli, hata kikohozi chake kilikuwemo. Ya kwangu haikuwepo.

Mwishowe Furaha akashindwa kuvumilia.

"Papa, chai iko inapoa."

"Acha ipoe."

"Papa, basi ya masomo iko inakuja."

"Acha ipite."

Ikapita. Tuliisikia ikisimama nje, ikapumua, ikaondoka. Samweli akanipiga kiwiko cha ubavu. "Sema hata asante tu, wee! Bosi yangu hajue mambo ya Roho Mutakatifu, yeye anajua saa."

Sikusema. Baba akangoja, mikono imefunguka magotini kama mtu aliyetega mvua. Kisha akasimama, akavaa koti lake la kazini, akatoka bila kusema Amina. Chai ya siku ile hakuna aliyeinywa.

Kesho yake mambo yakawa yaleyale. Na keshokutwa. Nikaona nitafute suluhu, mimi mwenye akili za kidato cha nne.

"Papa," nikamwambia, "mnaweza kuniruka tu."

"Kukuruka?" Alinitazama kama nimetukana. "Wewe uko kiti?"

"Hapana, Papa."

"Mutoto wangu, hii nyumba iko na sala moja. Tunaianza wote, tunaimaliza wote. Sasa kama moja wetu iko kimya, mimi nitasema Amina juu ya nini?"

"Lakini sina la kusema."

"Donc, basi, tutangojea."

Hakukasirika, mwanangu. Angekasirika ningepata mahali pa kushika, kwa sababu kijana akigombezwa anajua la kufanya, anabamiza mlango, mambo yanaendelea. Yeye alingoja. Furaha akawa anachelewa shule mpaka mwalimu akapiga simu. Samweli akaonywa kazini. Nyumba nzima ilikuwa inatembea na sala isiyomalizika kama watu wanaotembea na kamba ya kiatu imefunguka. Nami ndiye niliyekuwa nimeikanyaga kamba.

Ndiyo maana niliondoka. Watu wa kanisa walisema nimefuata dunia. Dunia gani? Mimi hata dukani nilikuwa natumwa mara tatu kabla sijasimama. Niliondoka ili nyumba ipate Amina yake.

Baba alinisindikiza mpaka mlangoni. Kwetu mtu hasafiri bila kuombewa, lakini sala ya nyumba ilikuwa bado haijafungwa, kwa hiyo hakuwa na sala ya kunipa. Alinipa mayai ya kuchemsha kwenye mfuko wa plastiki.

"Sikufukuze," akasema. "Miye sijafukuza mutu. Siku utapata neno la kwako, uje. Hata moja. Nitasema Amina."

Hicho ndicho nilichokwenda kutafuta, basi. Neno moja la kwangu, nilirudishe Shively, baba alifungie Amina. Ukinisikia nikitaja dini hii na ile, usije ukanifananisha na wale wanaozionja kama supu za hotelini. Mimi nilikuwa na haja moja.

Nilifikia Columbus, jimbo la Ohio, ghala la nguo, kazi ya kukunja mashati ya watu nisiowajua. Huko ndiko nilikojifunza kwamba Mungu ana milango mingi, na jambo lililonisikitisha zaidi ni kuwa yote inafunguliwa asubuhi mapema. Sikupata dini hata moja inayomjali mtu wa godoro. Mrundi mmoja Msabato alinichukua Jumamosi, siku pekee ambayo mwili wangu ulikuwa na haki ya kulala. Mnepali tuliyekuwa tunapanga naye maboksi alinipeleka hekaluni kwao, tukavua viatu, nikapewa kitu kitamu mkononi, kengele ikalia, nikaona uzuri ambao sikujua niuweke wapi. Nikarudi nyumbani na utamu mdomoni, neno sina. Halafu kipindi kirefu sikwenda popote. Jumapili nililala mpaka jua linanionea aibu. Nikawaambia wenzangu nimepata dini ya shuka. Walicheka. Usiku, nikizima taa, mdomo ulikuwa bado unajaribu kufunguka wenyewe na kukuta hamna kitu.

Waliokaribia kunipata ni Waislamu. Rajabu, tuliyekunja naye mashati, alikuwa Mtanzania wa Kigoma, akiishi na baba yake, Mzee Hamisi. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, Rajabu akanikuta nakula mkate mkavu kwenye gari lake, alimokuwa akinipa lifti, akaona aibu kwa niaba yangu. "Njoo nyumbani ufuturu kama binadamu." Nikaenda. Nikaenda tena. Viazi vitamu vya nazi, tambi, uji wa pilipili manga. Baada ya kula wanatandika mikeka sebuleni, wanasimama bega kwa bega, na wote wanasema maneno yaleyale. Hayo ndiyo yaliyonishika. Hakuna aliyekuwa anatafuta neno. Neno lilikuwepo kabla yao, wao wanaingia tu kama watu wanaoingia katika nyumba iliyokwisha kuwashwa taa. Nilikaa kwenye kochi nikiwatazama, na wivu ukanijia.

Siku moja alasiri nikamfuata Mzee Hamisi jikoni. Alikuwa anamenya viazi.

"Mzee, nataka unitamkishe shahada."

Hakuinua kichwa. "Unataka kusilimu au unataka futari?"

"Vyote viwili."

"Futari utapata hata ukibaki na ya kwenu. Hapa hatuuzi." Akaendelea kumenya. "Hebu niambie. Hiyo ya kwenu umeiacha, au umeikimbia?"

"Kwani zina tofauti, mzee?"

"Kijana wangu! Aliyeacha anaweza kurudi akasalimia. Wewe baba yako yuko hapo Louisville, asubuhi unatoka mchana umefika. Mwaka huu umekwenda mara ngapi?"

Nikatazama maganda ya viazi. Kunyamaza nilikuwa najua.

"Basi unakimbia," akasema. "Mimi sipokei mtu anayekimbia, nitakuja kuulizwa. Nenda kwa baba yako. Kaa mbele yake. Mwambie kwa mdomo wako: hili siliamini tena, hili bado naliamini, hili sijui. Akutukane, akulilie, mmalizane. Kisha ukirudi hapa ukiwa bado unataka, nitakutamkisha mwenyewe na mbuzi tutachinja. Sasa shika kisu, umenye."

Nikamenya. Nilimenya vibaya, akanicheka, akasema kumbe hata viazi nimevikimbia.

Ungekuwa wewe ungekwenda, maana una akili kuliko mimi. Mimi nilipiga simu. Mtu wa godoro akipewa safari hutafuta simu.

"Papa, shikamoo."

"Marahaba, mutoto wangu. Unakula?"

"Nakula, Papa. Nilitaka tuongee habari ya ile sala."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa. "Umepata neno?"

"Bado. Lakini nataka nikuambie mambo nisiyoyaamini."

Akasema, polepole sana, "Hayo unisemee kwa simu? Kama mutu anaagiza pizza? Hapana. Uje. Ao ungojee upate neno. Vyote viko muzuri. Kwa simu, hapana."

Wazee wawili, mmoja Mwislamu wa Kigoma, mwingine Mpentekoste wa milimani, hawakuwahi kuonana maisha yao yote, na wamenituma mahali pamoja. Nami sikwenda. Niliogopa lile duara, mwanangu. Niliogopa kukaa tena na mdomo mtupu huku chai inapoa. Na kwa Mzee Hamisi nikaona haya kurudi bila jibu. Binamu yangu aliposema Buffalo kuna kazi ya kutunza wazee na nyumba ni rahisi, nikafunga begi. Ndivyo nilivyofika huku kwenye theluji, mimi nisiyependa hata kuvaa soksi.

Nyumba niliyopata ilikuwa mtaa wa East Side, na kona ya pili palikuwa na kanisa Katoliki kubwa ajabu, la matofali, lililojengwa na Wapolandi zamani wakati mtaa ulikuwa wao. Niliingia Jumapili moja kwa sababu ya baridi, sitakudanganya. Lilikuwa tupu kiasi kwamba ukikohoa unajijibu. Watu wachache tu, wazee watupu, kila mmoja kwenye benchi lake kama abiria wanaonuniana.

Sasa kwetu, unajua mwenyewe, mgeni akiingia kanisani huambiwa asimame, atoe salamu za kanisa alikotoka. Mtu anaweza kusafiri maili mia tano ilimradi asimamishwe. Nikangoja niitwe. Wakasoma matangazo, siitwi. Nikadhani wamesahau, wazee hawa, nisiwaaibishe. Nikasimama mwenyewe. Nikasema kwa Kiingereza changu cha mashati, sauti imejaa jengo zima, kwamba mimi ni mgeni, na kanisa la Louisville linawasalimu sana.

Padri alibaki na karatasi mkononi. Vichwa vyeupe vikageuka kimoja kimoja. Nilitamani nimezwe na yale matofali. Kisha bibi mmoja wa benchi la mbele, Bi Helena, mdogo kama kuku, akasema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Waambie wa Louisville tunawasalimu pia. Sasa kaa, mwanangu, utapata baridi ya miguu."

Salamu za Louisville! Kanisa la Louisville halikunituma popote. Lilikuwa linaniombea nirudi.

Wazee wale walikuwa wakisali rozari kabla ya misa. Bi Helena alinikalisha karibu naye, akaniwekea shanga mkononi bila kuniuliza kama nataka. Walisali bila jazba, bila machozi, kama watu wanaoosha vyombo baada ya chakula: sahani hii, sahani ile, hii tena. Wa kwetu wangesema wamelala. Lakini mimi nilisikia kitu. Maneno hayo yalikuwa yamesemwa na watu wengi mno hata hayakuwa na alama ya kidole cha mtu. Hayakuwa ya mchungaji, wala ya Samweli. Hayakudai niwe na shukrani ambayo sikuwa nayo. Nikaingiza sauti yangu chini ya sauti zao, na kwa mara ya kwanza tangu Shively mdomo wangu ukafunguka ukakuta kitu.

Sikukimbilia kupokelewa. Nilikaa nao misimu kadhaa, nikasoma, nikabishana na padri, nikanuna, nikarudi. Nilipochagua nilichagua nikiwa macho, hakuna aliyenivuta wala aliyenilisha. Nikampigia baba, maana hilo sikutaka alisikie kwa watu.

"Wakatoliki," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Kwa hiyo uko unaomba sasa."

"Naomba."

"Maneno ya nani?"

"Ya wote, Papa. Wanasema wote."

Nikasikia televisheni ya Furaha nyuma yake. "Ya wote," akasema. "Miye nilikuambia neno la kwako." Halafu akasema, "Bon. Uvae kofia. Kule kuko baridi."

Miaka ikaenda hivyo. Nilikwenda Louisville kwenye harusi ya Furaha, watoto walipozaliwa, Samweli alipofanyiwa upasuaji wa goti. Nilijua saa ya kufika: baada ya Amina. Nalala kwa rafiki, nafika chai ikishamiminwa, baba ananisogezea kikombe, tunaongea habari za mvua. Wala hakunichukia. Kila mara alinitazama hivi, kwa chini, kama mtu anayeuliza, leo? Nami nikageuza macho. Nilikuwa nangoja siku nitakapokuwa na ujasiri wa kutosha, na unajua mimi na kusimama.

Kisha Furaha akapiga. Moyo wa baba ulikuwa umechoka, madaktari wamemruhusu arudi nyumbani, na maana ya kuruhusiwa kwa aina hiyo mimi mtunza wazee naijua. "Kaka, uje," akasema. "Na safari hii uje mbele ya chai."

Njia nzima kutoka Buffalo nilitunga. Ohio ni jimbo refu, mwanangu, lina nafasi ya kutunga. Nilitunga sala ya motoni, ya kwangu kabisa, ina mama ndani yake, ina mayai ya kuchemsha, ina basi ya Furaha. Ilikuwa nzuri. Nilipoiona njia ya kutokea Shively nilikuwa nimeikariri yote. Na unajua kanisa letu linavyosema juu ya kukariri, lakini nilijiambia, nani atajua?

Asubuhi tulimzunguka kitandani. Chai ilikuwa mezani, imefunikwa. Wajukuu wakaanza, wadogo kwanza, wanaomba kwa Kiingereza, mmoja akaombea mbwa wa jirani. Furaha akaomba akilia. Zamu ikaja kwangu.

Nikafungua mdomo na ile sala yangu nzuri haikuwepo. Nilimwona baba, mikono yake imefunguka juu ya blanketi, ananitazama bila kupepesa. Kilichotoka ni sala ya Mama Maria, ile inayotaja saa ya kufa. Niliisema yote, mbele ya mzee wa kanisa la Kipentekoste aliyekuwa anakufa. Samweli alikohoa. Mtoto mmoja akauliza, "Huyo Maria ni nani?" akazibwa mdomo.

Baba akasema, kwa sauti ndogo iliyobaki, "Hayo maneno ni ya nani?"

"Nilifundishwa na wazee wa Buffalo, Papa."

"Sikuulize nani alikufundisha."

"Ni yangu, Papa. Nimeyasema miaka yote hii. Wakati sina kitu, ninayo hayo. Sina mengine."

Nilidhani atasema neno. Alifumba macho, akasema, "Anayefuata."

Samweli akaomba, mafupi kuliko kawaida yake. Kisha zamu ikapanda mpaka kwa baba mwenyewe, wote tukainamisha vichwa, tukangoja azikusanye. Midomo yake ilisogea. Mvuke wa chai ulikuwa umekwisha kitambo. Mwisho akasema, "Nimechoka, batoto. Tutamaliza kesho."

Hakukuwa na kesho. Aliondoka alfajiri, kabla hata ya mdogo kuliko wote kuamka.

Samweli anasema baba alinipokea, ndiyo maana hakunizuia, zamu ikaendelea. Furaha anasema mzee alikuwa amechoka tu, nisitafute maana katika uchovu wa mgonjwa. Wote wawili wananipenda, wanasema ili nilale. Mimi sijui. Nimekaa na "anayefuata" ile miaka sasa, naigeuza, na haifunguki. Hakunilaani. Hakunifungia kwa Amina. Neno nililokuwa nalo lilimfikia likiwa limechelewa, na aliyepaswa kulifunga alikuwa hana tena nguvu. Laiti ningelileta mapema, hata likiwa nusu, angekuwa na muda wa kulikataa vizuri. Tungegombana mwaka mzima. Ningepewa hata hasira yake.

Siku hizi sala ya nyumba yetu iko kwenye simu, kila Jumapili jioni, Samweli ndiye anayeimaliza. Wananipigia, hawajawahi kuniacha. Ikifika zamu yangu Samweli anasema kwa upole, "Kaka yuko na ya kwake, tuendelee." Baba alikataa kuniruka mpaka chai ikapoa na mabasi yakapita. Hawa wananiruka kwa heshima, na mimi nasema asante.

Na kanisa langu, ulikuwa unataka kuuliza. Bi Helena tulimzika kitambo. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, mpaka nikawa kijana wa parokia nikiwa na mvi. Mwaka uliopita wakatangaza kwamba watu hawatoshi, jengo halihimiliki, misa zitahamia kwingine. Siku ya mwisho walishusha sanamu, watu wakapiga picha, watu ambao sijawahi kuwaona hata Krismasi. Sasa mlango una mnyororo. Nimewahi kwenda la mtaa wa North Buffalo, kanisa zuri, lina joto, kahawa baada ya misa, hakuna anayenijua jina. Mara nyingi sasa nasali hapahapa kwenye kiti changu karibu na hita. Asubuhi nyingine nahisi nimesikika. Asubuhi nyingi zaidi nasikia hita tu.

Ukiniuliza kama nilichagua vizuri, sijui. Nilichagua kweli, hilo tu ndilo ninaloweza kuapa.

Nakuandikia haya kwa sababu nasikia nawe umeanza kuzunguka. Ijumaa uko huku, Jumapili kule, na katikati ya juma unatazama kwenye simu watu waliofumba macho wanaokuambia uvute pumzi. Wazazi wako walinipigia wanalia, wakitaka nikuzuie. Wamekosea namba. Mimi siwezi kukuzuia, na nisingekuzuia hata ningeweza. Zunguka. Ingia, vua viatu, kula wanachokupa, uliza maswali ya kipumbavu, simama utoe salamu pasipotakiwa salamu. Imani ya kurithi ambayo hujawahi kuigusa kwa mkono wako siku moja itafungua mdomo ikute hamna kitu, na siku hiyo huwa haichagui wakati mzuri.

Lakini mwanangu, usizunguke ukiwapa mgongo watu wako. Rudi nyumbani wakati bado wana nguvu ya kubishana nawe. Kaa mbele yao, si kwa simu. Waambie usiloliamini, na unaloliamini, na usilolijua, hata kama hilo la mwisho ndilo refu kuliko yote. Usingoje uwe na jibu zuri. Mimi nilingoja niwe na jibu zuri. Wapelekee nusu, wapelekee robo, wapelekee mdomo mtupu. Watalia. Baba yako atasema maneno atakayoyajutia, mama yako ataacha kula siku mbili. Hayo yanapona, kwa sababu yamesemwa na wenyewe wapo. Na usitegemee dini utakayoichagua ikulipe watu utakaowapoteza. Itakupa mengi, lakini hilo haikuahidi, usije ukaidai.

Na wewe mzazi unayesoma hapa kwa kuchungulia begani mwa mtoto, usijifiche, nimekuona. Mimina chai. Mtoto akikosa neno, kunyweni, halafu mngoje huku mmeshiba. Lakini usimruke. Hilo la baba yangu lishike.

Sina busara zaidi ya hiyo, na hiyo yenyewe nimeazima kwa wazee wawili ambao sikuwasikiliza. Ukipita Buffalo gonga mlango, nitakuwepo, unanijua. Mungu akutangulie kwenye milango yote utakayoifungua, akutie moyo wa kurudi nyumbani ungali na watu wa kukupokea au kukukatalia, na popote utakapoamua kuketi, mwanangu, akukute hapo.